Bei ya Gramu Makongolosi

Makongolosi, Chunya
14 Aprili 2025

Mwalimu wangu, Mama Prisca,

Shikamoo. Natumaini magoti hayajaanza kukusumbua, maana najua baridi ya Kihesa ikianza haina utani. Mimi ni mzima. Wazee wangu kule Igawa nao wazima, mpunga umeanza kukomaa na baba anazozana na ndege kutwa nzima.

Mwezi uliopita uliniambia simu ni ya salamu, na swali lenye marefu yake liandikwe. Basi hili ni refu. Bahasha nimempa dereva anayeshuka Mbeya, ataiacha ofisi ya basi la Iringa.

Kazi yangu unaijua. Bosi wangu Liberatus ananunua dhahabu, mimi napima. Kila asubuhi naandika bei ya gramu kwenye ubao mweupe dirishani. Namba inaingia kwenye simu kutoka kwa wakubwa wa soko, mimi nainakili tu. Miaka miwili nimefanya hivyo na sijawahi kujiuliza inatoka wapi.

Sasa mwanzoni mwa mwezi huu ilianza kushuka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumatano ikageuka, na Ijumaa ikawa juu kuliko bei yoyote niliyowahi kuandika. Na hapa Makongolosi, Mwalimu, hakuna kilichotokea. Hakuna duara, yaani shimo la wachimbaji, lililoporomoka, hakuna lililotema dhahabu. Mvua ilinyesha, ikakata, basi.

Isakwisa, yule Mnyakyusa mkubwa wa duara la watu watano, alisimama dirishani akaniuliza:

"Dada Nyamizi, nani ameshusha?"

"Sijui."

"Na nani amepandisha?"

"Sijui, kaka."

"Si wewe unayeandika?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani na lile swali. Ulitufundisha kwamba namba yoyote ina wazazi. Hii wazazi wake ni akina nani?

Mwanao,
Nyamizi Limbu


Kihesa, Iringa
27 Aprili 2025

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba, na kamwene, kama tusalimianavyo huku. Swali lako limenitoa nyumbani. Tangu nistaafu sijawahi kwenda maktaba siku nne mfululizo. Siku ya tano nilimfuata Didas, yule aliyekuwa darasa moja mbele yako na sasa yuko benki. Alidhani nimekuja kukopa. Nilipomwambia nimekuja kuuliza dhahabu imeshukaje, alifunga mlango akaagiza chai.

Nakueleza nilivyoelewa. Mwanzoni mwa Aprili Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu kila nchi. Wenye hisa za makampuni wakaogopa, hisa zikaanguka. Sasa mtu aliyeanguka anahitaji fedha taslimu upesi, na huuza kilicho rahisi kuuzika. Wakauza dhahabu. Unakumbuka mwaka ule mama yako alipolazwa, mzee Limbu akauza fahali wake mzuri kuliko wote? Fahali hakuwa na kosa. Alikuwa ndiye anayeuzika siku ileile. Ndizo zile siku zako tatu za kushuka.

Baada ya hapo hofu ikageuka upande. Watu wakajiuliza: kama hata dola ya Marekani yenyewe ina mashaka, tuweke mali wapi? Wakairudia dhahabu. Na benki kuu za nchi nyingi zimekuwa zikinunua kwa miaka kadhaa sasa, hata yetu inanunua, kwa sababu dhahabu si ahadi ya serikali ya mtu yeyote. Hawapendi kukesha wakiwaza kwamba nchi nyingine inaweza kuwafungia akiba yao.

Halafu kuna kundi la tatu, na hili ndilo lililonishangaza. Hawa hununua dhahabu wasiyoiona na hawatakuja kuiona. Wananunua karatasi inayosema bei itapanda, wanaiuza kabla ya chakula cha mchana. Huko kwenu Igawa mnao watu wa namna hiyo, wanaonunua mpunga ungali kijani shambani na hata jembe hawana. Wakiwa wachache bei inatembea. Wakiwa wengi inakimbia, na hapo haijali tena kama kuna vita au hakuna.

Kwa hiyo wazazi wa namba yako ni wengi, na wengine hawafahamiani.

Nawe nijibu moja. Huko sokoni dola inasemwaje? Wanaoijua wanasema itazidi kupanda?

Mwalimu wako,
Prisca Kalinga


Makongolosi
8 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia, mwezi wa tano ulikuwa wa kazi. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Niliwasimulia akina Isakwisa habari ya watu wanaonunua dhahabu wasiyoiona. Mmoja wao akauliza, "Hawaogopi kupewa kokoto?" Mwingine akasema hata yeye ana miezi saba hajaiona, na bado anaiwekea fedha kila siku.

Alisema hivyo asubuhi. Jioni yake waliikuta.

Gramu mia moja na themanini, Mwalimu, ikiwa imeshasafishwa. Watu watano, miezi saba, wengine walishauza mpaka magodoro. Isakwisa hakupiga kelele. Aliiweka kwenye mzani wangu, akavua kofia. Tumeipima mara mbili, tumeiandikia karatasi, na kwa ombi lao imelala kwenye sefu letu, kila mmoja wao ana nakala.

Sasa hawajui wafanye nini. Leo gramu inafika karibu shilingi laki mbili na themanini na sita elfu. Wakiuza wanapata karasha lao la kusagia mawe pamoja na injini, waache kukodi la watu. Isakwisa anasema, "Tukiuza leo tunapata karasha. Tukisubiri kidogo tunapata karasha na pampu ya maji." Wawili wanataka kuuza, wawili wanataka kungoja, na yeye yuko katikati. Ameniomba nikuulize. Kwao wewe sasa ni "yule mama wa Iringa anayejua".

Kuhusu dola: mwezi wa tano ilikuwa elfu mbili mia sita na tisini, sasa imelegea kidogo sana. Liberatus anaapa kwamba mwisho wa mwaka itagonga elfu tatu. Wengi hapa wanasema vivyo hivyo. Unaiulizia darasa gani tena, nawe umestaafu?

Mwanao,
Nyamizi


Kihesa, Iringa
15 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Wape akina Isakwisa hongera zangu. Miezi saba ndani ya ardhi si mchezo.

Bila shaka mmesikia redioni. Ijumaa vita vimeanza kati ya Israel na Iran, na mafuta yamepanda siku ileile. Nilikuwa kwa Didas jana, akanionyesha mchoro wa bei ya dhahabu kwenye kompyuta. Ulikuwa kama mlima unavyoonekana ukitoka Ruaha Mbuyuni kuja huku: unapanda tu. Watu wakiogopa wanakimbilia dhahabu, hilo tumeshaliona mwezi wa nne. Na hofu safari hii ni kubwa zaidi.

Siwezi kuwaamulia watu jasho lao. Lakini ningekuwa mimi, nisingekuwa na haraka.

Maneno ya Liberatus juu ya dola yamenifurahisha kuliko unavyodhani. Wastaafu wenzangu tunaokutana pale uwanjani baada ya ibada wanasema hivyohivyo, na mmoja wao alikuwa mhasibu wa halmashauri. Ukisikia jipya lolote juu ya dola, hata dogo, niandikie.

Mimi hapa ni mzima. Nyumba ninayojenga inaendelea, imebaki kupauliwa.

Mwalimu wako,
Prisca Kalinga


Makongolosi
20 Julai 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, simu inaita tu. Jirani yako mama Pendo ameniambia u mzima, umeonekana sokoni. Basi naandika.

Niliwasomea sentensi yako, ile ya "nisingekuwa na haraka". Wale wawili waliotaka kuuza wakaacha kubisha. Wakakubaliana wote kungoja.

Vita vyenyewe vilidumu siku kumi na mbili. Bei ilipanda kidogo, vilipotulia ikarudi. Hilo nimelielewa, na Isakwisa amelielewa, hakuna aliyelalamika. Kinachonisumbua ni hiki kingine. Redio ya asubuhi inasema dhahabu duniani imekaa palepale ilipokuwa mwanzoni mwa Juni. Nimeangalia mwenyewe kwenye simu, ni kweli, namba ya dola kwa aunsi haijaondoka. Lakini ubao wangu unashuka. Polepole, kama ndoo inayovuja. Elfu mbili wiki moja, elfu tatu wiki inayofuata.

Jana Isakwisa aliniuliza, tena kwa upole:

"Dada, duniani imesimama. Kwako inateremka. Kati ya duniani na kwako kuna nani?"

Nikasema, "Kuna Liberatus na kuna mimi."

Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Sikulipenda lile jibu langu, Mwalimu. Tafadhali nisaidie upesi. Kati ya duniani na hapa kuna nini?

Mwanao,
Nyamizi


Kihesa, Iringa
3 Agosti 2025

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba. Nisamehe kwa simu. Nilikuwa na mafua, sauti ilikauka.

Huenda umesikia kwamba mwezi uliopita Benki Kuu yetu ilipunguza riba yake kidogo. Hiyo ni riba inayoongoza bei ya fedha kati ya benki na benki. Ikishuka, mikopo inatakiwa ilegee, wafanyabiashara wakope zaidi. Ikipanda, fedha inakuwa ngumu na bei za vitu zinapoa. Ni jambo zuri kulijua.

Masoko yana majira yake. Waambie wavumilie.

Baridi imekuwa kali mwaka huu, kabichi za uani zimeungua.

P. Kalinga


Soweto, Mbeya
17 Agosti 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Utaona nimeandika kutoka Mbeya. Niko kwa dada yangu hapa Soweto tangu Jumatano, na nitakueleza kwa nini.

Jumatatu watu wa duara la Isakwisa walikuja na mzani wao. Waliuazima Chunya. Wakataka dhahabu yao itolewe ipimwe mbele ya wote. Nikaitoa. Mizani yote miwili ikasema kitu kimoja, gramu mia na themanini, pungufu ya kitu kisichofika punje. Nilidhani yameisha.

Mmoja wao akasema, "Hawaibi kwenye uzito. Wanaiba kwenye ubao." Na watu walishakuwa wengi, hata wasiohusika, kila mtu na hasira yake ya bei. Mtu akapaza sauti nyuma, "Mwizi ni huyo Msukuma anayeandika!" Jiwe likapiga kioo cha dirisha, ubao ukaanguka. Sikuumia. Isakwisa ndiye aliyesimama mlangoni akatanua mikono kuziba njia, akasema, "Hapana. Hapana jamani." Lakini hakunitazama. Liberatus akaniambia nipumzike mpaka hali itulie. Hajaniambia nirudi lini.

Mwalimu, hapa sina kazi, kwa hiyo nimekaa na barua zako tatu. Nimezipanga mezani kwa tarehe. Ya Aprili unaniuliza dola. Ya Juni unaniambia habari za dola zimekufurahisha kuliko ninavyodhani, na nikisikia hata dogo nikuandikie. Ya Agosti hakuna dola kabisa. Kuna riba, kuna kabichi. Nikajiuliza: mtu aliyekuwa na kiu hivyo, nani amemnywesha?

Nikachukua simu nikaanza kuzidisha. Mwanzoni mwa Juni gramu ilikuwa dola mia moja na saba hivi. Leo ni dola mia moja na saba vilevile. Lakini wakati ule dola moja ilikuwa karibu shilingi elfu mbili mia sita na themanini, na leo nimeuliza duka la kubadilisha fedha hapa Mbeya, ni kama elfu mbili na mia tano. Nimezidisha mara ya kwanza, nimezidisha mara ya pili. Tofauti ni elfu kumi na tisa na ushei kwa kila gramu. Ndiyo ileile iliyopotea kwenye ubao wangu. Hakuna aliyeiba. Shilingi imepata nguvu, basi.

Ni kuzidisha kwa darasa la tano, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha sekondari baada ya mtu mwingine kunifundisha hilo. Haiwezekani hukuliona.

Nilikaa kwako miaka minne. Nilikula kwako, nilivaa viatu ulivyonunua. Sikuulizi kwa dharau. Nauliza kwa sababu niliitwa mwizi kwa jambo ambalo ulikuwa unalijua. Ulijua?

Nyamizi


Kihesa, Iringa
24 Agosti 2025

Mwanangu Nyamizi,

Nilijua. Tangu wiki ya kwanza ya Julai.

Nimeandika mistari mingi kabla ya huu na yote nimeichoma. Sasa naeleza tu.

Tarehe sita Mei nilichukua sehemu ya kiinua mgongo changu, shilingi milioni kumi na nane, fedha ya kupaulia nyumba, nikaenda duka la kubadilisha fedha nikanunua dola kwa elfu mbili mia sita na tisini. Wastaafu wenzangu pale uwanjani walikuwa wanasema shilingi inakwisha. Kila Jumapili namba yao ilikuwa kubwa kuliko ya Jumapili iliyopita. Nilikuwa nikikuandikia juu ya watu wanaonunua karatasi kwa tetesi, na mimi mwenyewe nikaenda kufanya hivyohivyo baada ya siku tisa. Sikuliona. Nilidhani mimi najilinda, wao ndio wanaocheza.

Kisha dola ikaanza kushuka. Kila asubuhi nilikuwa naiangalia kabla sijanawa uso. Barua yako ya Julai ilipofika, nilijua jibu kabla sijamaliza kusoma swali. Kukujibu kungenilazimu niandike lile neno, dola, na sikuweza kuliandika. Miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia hisabati haidanganyi. Nikaona nikiandika, utajua. Kwa hiyo nikakuandikia kabichi. Simu nilikuwa naiona ikiita. Sikuwa na mafua.

Na kuna la pili ambalo ni baya zaidi. Nilipowaambia akina Isakwisa wasiwe na haraka, nilikuwa najiambia mimi mwenyewe. Nilitaka mtu mwingine naye angoje pamoja nami.

Jana nimekwenda kwa Didas, nimemwambia yote. Hakucheka. Nilimuuliza kwa nini shilingi imepata nguvu, akanipa sababu ambazo nakuandikia uwapelekee. Huu ni msimu wa nchi kuuza mazao nje, na watalii wamejaa, na hao wote huja na dola. Kuna kanuni ya mwaka huu inayotaka malipo ya ndani yafanyike kwa shilingi, kwa hiyo waliokuwa wanaficha dola wanazitoa. Dola yenyewe imelegea dunia nzima, kwa sababu ya ule ushuru na mashaka yaliyoufuata. Na sababu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niweke kikombe chini. Ni dhahabu. Dhahabu ikiwa ghali, nchi inayoiuza inaingiza dola nyingi, na dola zikiwa nyingi zinakuwa rahisi. Kwa hiyo kilichoteremsha ubao wenu, kwa sehemu yake, ni dhahabu ileile wanayoichimba wao na wenzao.

Naomba rudi Makongolosi, uwasomee barua hii. Yote, na yale ya kunitia aibu. Ndani ya bahasha nimeweka stakabadhi ya duka la fedha yenye jina langu na tarehe, waishike kwa mikono yao. Wakitaka kujua wauze au wangoje, waambie mama wa Iringa hajui. Na safari hii nimeandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Waliokuita mwizi walikosea mlango. Nisamehe, mwanangu.

Prisca Kalinga


Makongolosi
5 Oktoba 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Tumeongea kwenye simu na tumelia kwenye simu, hilo limepita. Hukutaka nikuhadithie siku ya kusoma barua, ulisema niandike. Naandika.

Nilirudi Alhamisi ile, tarehe ishirini na nane Agosti. Liberatus hakutaka. "Utawaamsha tena," alisema. Nikamwambia wakilala na ile hasira siku nyingine watachoma. Akatoa kiti nje, akaniachia.

Walikuja kama arobaini. Nilisoma mpaka mwisho bila kuruka. Nilipofika kwenye milioni kumi na nane niliinua uso nikawatazama, na mzee mmoja akasema taratibu, "Soma tu, mama." Stakabadhi yako ilizunguka mkono kwa mkono ikarudi ina vumbi jekundu. Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka.

Isakwisa ndiye aliyesimama. Akauliza, "Huyu mama ana watoto?"

Nikasema, "Hana wa kuzaa."

"Basi amepata hasara peke yake." Akakaa. Baadaye akasimama tena. "Mimi nilisema Hapana, lakini sikukutazama. Siku ile nilikuwa sijui kama ni wewe au si wewe. Nimekosa, dada."

Yule aliyesema habari ya ubao aliomba nimwonyeshe kuzidisha. Nikamwonyesha. Akaomba tena. Kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe kwa Kinyakyusa kwa muda mrefu, na kesho yake wakauza zote, gramu mia na themanini, kwa bei ya siku hiyo. Karasha walipata la mkono wa pili, limetoka Igawa, injini yake inakohoa. Pampu hawakupata.

Sasa sikia. Siku chache tu baadaye dhahabu ikaanza kupanda tena huko duniani. Wiki hadi wiki, Septemba yote. Wanasema benki kuu ya Marekani imeshusha riba, wanasema wale wa karatasi wamerudi kwa wingi, wanasema mengi. Safari hii nguvu ya shilingi haikuweza kumeza ongezeko lote. Wiki iliyopita niliandika ubaoni bei ambayo, laiti wangengoja tu, wangepata karasha jipya, pampu, na chenji. Sasa naandika namba tatu kila asubuhi: dola kwa gramu, shilingi kwa dola, kisha bei. Liberatus mwanzoni alinung'unika, siku hizi wanunuzi wengine wawili wameiga.

Ijumaa nilimwona Isakwisa anakuja, peke yake, anatembea haraka. Nikasema moyoni, haya.

Alisimama mbele ya ubao akasoma. Nikamwambia, "Kaka, pole."

"Pole ya nini?"

"Mngengoja..."

"Tungengoja mpaka lini? Ulijua?"

"Sikujua."

"Mama wa Iringa alijua?"

"Hakujua."

"Sasa pole ya nini?" Akatoa kikaratasi mfukoni, akakifungua juu ya kaunta. "Dhahabu ya kwanza ya karasha letu. Fungu langu. Nipimie, nauza."

Mwalimu, nilisita. Mimi niliyeitwa mwizi kwa ajili ya kungoja, nikajikuta nataka kumwambia angoje. Bei ilikuwa inapanda kila siku. Nikamwuliza kama ana hakika, labda Jumatatu itakuwa juu zaidi.

Akasema, "Inawezekana. Mke wangu yuko wodini Chunya tangu alfajiri, wanasema atapasuliwa. Nataka niwe na fedha mkononi nikifika."

Nikapima. Gramu kumi na mbili na nukta tatu. Nikageuka kuchukua kikokotoo, na nilipogeuka tena alikuwa ameshatoa simu yake, anatazama ubao, midomo inatembea. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Kisha akaniambia jumla yake, mpaka shilingi ya mwisho, kabla mimi sijamaliza kukokotoa.

Ilikuwa sawasawa. Nikamhesabia, akaondoka mbio.

Mwanao,
Nyamizi Limbu